Mwongozo Kamili wa Kufunga Kiyoyozi cha Vipande Viwili Nyumbani kwa Usalama

Friji inapotoka kiwandani, mzunguko wake wa gesi umekwisha kuchomelewa, kupimwa na kuzibwa, na mnunuzi hana kazi zaidi ya kuchomeka plagi. Kiyoyozi cha vipande viwili sivyo kilivyo. Kiwanda hutoa nusu mbili za mashine: kipande cha ndani chenye feni na mabomba membamba ya kupoza hewa, na kipande cha nje chenye kompresa (pampu inayobana na kusukuma gesi), feni kubwa na gesi iliyofungiwa nyuma ya valvu zake. Kuziunganisha nusu hizo kwa bomba la shaba, kuondoa hewa ndani yake na kuziletea umeme ni kazi inayofanyika ukutani pako. Kwa hiyo mfungaji si mtu wa kutundika tu, bali ndiye anayemalizia utengenezaji wa mashine, na mengi yanayoitwa baadaye ubovu wa kiyoyozi, kama vile gesi kupungua kila msimu, kompresa kuungua au maji kuchuruzika ukutani, huwa yamepandwa siku ya kufunga.

Katika nchi nyingi sheria haimruhusu mtu asiye na leseni kushughulikia gesi ya kupoza wala kuunganisha laini mpya ya umeme, na sharti hilo lina sababu za haki kabisa. Mwenye nyumba asiye na ujuzi anaweza kuchagua mahali, kuandaa ukuta na kusimamia, lakini mabomba, gesi na umeme awaachie mafundi wenye sifa. Mwongozo huu umeandikwa ili fundi asiruke hatua, na mwenye nyumba ajue hatua ipi imerukwa. Popote namba zilizo hapa zinapotofautiana na kitabu kilichokuja na mashine, kitabu ndicho kifuatwe.

Jua hatari kabla ya kugusa zana

Hatari ya kwanza ni kuanguka. Kipande cha nje cha nyumba ya kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 20 na 40, na mtu aliyeko juu ya ngazi akiukumbatia hana mkono wa kujishikia. Kibebwe na watu wawili, na kama kinafungwa juu ya ghorofa, anayetoka nje ya ukuta avae mkanda wa usalama wa mwili mzima uliofungwa mahali imara, kamwe si kwenye mabano yale yale anayoyafunga. Chini pazungushiwe uzio, kwa sababu hata spana moja ikidondoka inatosha kuua mpita njia.

Ya pili ni umeme, na tutaurudia kwa kirefu. Ya tatu ni gesi. Viyoyozi vya zamani vilitumia R-22, ambayo inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Vilivyofuata vilitumia R-410A, ambayo mgandamizo wake ni mkubwa kuliko wa R-22 kwa zaidi ya nusu, hivyo geji na mipira ya R-22 haifai kuitumikia. Vingi vya sasa vina R-32, ambayo hushika moto, ingawa si kwa wepesi, na vingine vina R-290, ambayo ni propani na huwaka kwa urahisi kabisa. Gesi zote hizi zikitoka katika hali ya kimiminika huunguza ngozi na macho kwa baridi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama chini na kuisukuma hewa tunayovuta. Vaa miwani na glavu, fungua madirisha, na usiruhusu sigara wala moto wa aina yoyote chumbani wakati wa kazi. Soma kibandiko cha kipande cha nje ujue ni gesi ipi, kisha tumia zana za gesi hiyo tu. Gesi ya aina moja haibadilishwi kwa nyingine.

Ukubwa na mahali

Uwezo wa kiyoyozi hupimwa kwa BTU (kipimo cha joto) kwa saa au kwa kilowati za upozaji, ambapo BTU 12,000, zinazoitwa pia tani moja, ni sawa na kilowati 3.5 hivi. Hesabu ya kufaa huzingatia eneo la sakafu, urefu wa dari, madirisha yanayopigwa na jua, paa lililo juu ya chumba na idadi ya watu. Wengi huamini kwamba mashine kubwa kupita kiasi ni akiba, na hapo wanakosea: ile isiyo na inveta, yaani kifaa kinachobadilisha mwendo wa kompresa, hupoza chumba upesi, ikazima kabla ya kukausha unyevu, ikawaka tena baada ya muda mfupi, na chumba kikabaki baridi chenye ubichi huku kompresa ikichoka kwa kuwashwa na kuzimwa.

Kipande cha ndani kiwekwe kwenye ukuta unaobeba uzito, juu vya kutosha ili hewa isimpige mtu aliyelala moja kwa moja, mbali na pazia, jiko na jua. Acha nafasi juu yake kama kitabu kinavyoagiza, mara nyingi kati ya sentimita 5 na 15, maana hewa huingilia juu, na pembeni acha nafasi ya mkono wa fundi wa matengenezo. Pendelea ukuta unaopakana na nje, kwa kuwa bomba fupi na lenye kona chache hupunguza gharama na viungo. Hata hivyo watengenezaji wengi hutaka bomba lisiwe fupi kuliko mita 3, hivyo usilikate kwa kuona tu kwamba linafika. Kwa mashine za R-32 na R-290 kitabu huwa na jedwali la eneo dogo kabisa la chumba kulingana na uzito wa gesi, nalo lipo ili gesi ikivuja yote isifikie kiwango cha kuwaka. Chumba kikiwa kidogo kuliko kilichoandikwa, mashine hiyo isifungwe humo.

Kipande cha nje kinahitaji hewa. Kikizibwa kwenye kona au chini ya paa la chini kitavuta tena joto lake chenyewe, na kila nyuzi inayoongezeka humwongezea mwenye nyumba gharama ya umeme. Kisielekezwe dirisha la jirani wala njia ya kutokea, na kiwe mahali ambapo fundi atakifikia salama baada ya miaka mingi, si siku hii tu yenye jukwaa la ujenzi.

Kibao, tundu na mabano

Kabla ya kutoboa, pitisha kifaa cha kutambua waya na mabomba yaliyofichwa ukutani. Shikiza kibao cha chuma kitakachobeba kipande cha ndani ukutani kwa pimamaji, ukikifunga kwa skrubu na fisha zinazoendana na aina ya ukuta, kisha ukining'inie kwa nguvu kiasi kuona kama kinacheza. Tundu la mabomba huwa na kipenyo cha takriban milimita 65 hadi 70, nalo litobolewe likiinama kuelekea nje kwa milimita 5 hadi 10. Mwinamo huo mdogo ndio utakaotoa maji ya ndani na kuyazuia ya mvua yasiingie. Weka mkono wa plastiki ndani ya tundu, kwa kuwa kingo za tofali hukata insulesheni (sponji inayofunika mabomba) na waya kadiri mabomba yanavyotikisika.

Mabano ya nje yawe ya chuma kilichokingwa kutu na yabebe uzito mara kadhaa kuliko ule wa mashine, yakifungwa kwa bolti za kutanuka kwenye zege au tofali zima. Kwenye tofali lenye matundu au ukuta dhaifu, tumia bolti zinazopenya hadi upande wa pili, au kisimamishe kipande hicho chini juu ya msingi wa zege. Weka raba chini ya miguu yake, kaza nati zote nne, na uthibitishe kwamba kimekaa sawa.

Mabomba: mahali ambapo kazi huonekana

Nikiambiwa nipime fundi kwa jambo moja, nitamtazama anavyotayarisha mdomo wa bomba. Bomba la shaba hukatwa kwa kikatio cha gurudumu, kinachozungushwa polepole na kukazwa kidogo kidogo. Msumeno hauruhusiwi kwa sababu huacha unga wa chuma unaokwenda kuitafuna kompresa. Baada ya kukata, ukingo wa ndani hubaki na kingo kali zilizokunjika. Mdomo wa bomba uelekezwe chini, kisha kingo zikwanguliwe ili chembe zidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani. Mtu anayekwangua bomba likiwa limetazama juu, hata akipuliza baadaye, ameshaharibu.

Nati iingizwe kwanza, maana mdomo ukishatanuliwa haiwezi kuingia tena. Kwa R-410A na R-32, mdomo uliotanuliwa wa bomba la milimita 6.35 uwe na upana wa milimita 9 hivi, wa milimita 9.52 uwe kama 13, na wa milimita 12.7 uwe kama 16.5. Uangalie mwangani: uso wake uwe laini na wenye kung'aa kote, usio na ufa, mkwaruzo wala upande mmoja uliozidi mwingine. Ukiwa na dosari, ukate na uanze upya. Sentimita mbili za shaba zinazotupwa ni rahisi kuliko kurudi na silinda ya gesi.

Paka tone la mafuta ya kompresa yanayofaa gesi hiyo, linganisha mdomo na kiungo vikiwa kwenye mstari mmoja, na uzungushe nati kwa vidole mizunguko ya kwanza. Ikikataa kuzunguka kwa vidole imekaa upande, na spana itaharibu nyuzi zake. Kukaza kufanyike kwa spana mbili, moja ikishikilia kiungo na nyingine, ya kupimia mkazo, ikizungusha nati: nyutoni-mita 14 hadi 18 kwa bomba la milimita 6.35, 33 hadi 42 kwa la 9.52, na 50 hadi 62 kwa la 12.7. Mafundi wengi hukaza kwa kuhisi mkono, na mkono huzidisha mara nyingi kuliko unavyopunguza. Nati iliyozidishwa hukondesha mdomo wa shaba, ukapasuka miezi baadaye kwa joto na mtikisiko.

Bomba likunjwe kwa duara pana kwa springi au kikunjio, na likibonyea sehemu hiyo ikatwe. Mabomba yote mawili, nene na jembamba, yavishwe insulesheni kila moja peke yake, kwa sababu katika viyoyozi vingi vya nyumbani kifaa cha kushusha mgandamizo kiko kwenye kipande cha nje, hivyo hata bomba jembamba hupoa na kutoa jasho. Viungo vyenyewe viachwe wazi hadi vipimwe. Ncha zizibwe wakati wote, hasa bomba linapopitishwa kwenye tundu la ukuta, lisizoe vumbi na unyevu.

Bomba la kutolea maji ya kipande cha ndani lishuke mfululizo kwa angalau sentimita 1 katika kila mita, bila kupanda popote, na mwisho wake usizamishwe majini wala kuingizwa moja kwa moja kwenye bomba la maji taka, ambalo litarudisha harufu na gesi zake chumbani. Likifungwa pamoja na mabomba ya shaba, likae chini yake. Kabla ya kufunika, mwaga lita moja ya maji kwenye bakuli la kipande cha ndani uone yanatoka yote nje.

Umeme

Kiyoyozi kipewe laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, yenye sakiti breka ya ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji, kinga ya mkondo unaovuja ya miliampea 30, na swichi ya kukata umeme iliyo karibu na kipande cha nje na inayoonekana na anayekifanyia kazi. Mashine ndogo za BTU 9,000 hadi 12,000 mara nyingi hutumia waya wa milimita za mraba 2.5, na zilizo kubwa zaidi 4, lakini urefu wa njia na joto la mahali huweza kudai waya mnene zaidi. Usiunganishe na soketi ya kawaida kwa waya wa kuongezea, na breka ikiruka usiweke kubwa zaidi: inaruka kwa sababu.

Zima breka, ifunge kwa kufuli au ibandike tangazo, kisha pima kwa multimita kwamba hakuna umeme, ukiwa umekijaribu kwanza kifaa chenyewe kwenye chanzo unachojua kina umeme. Mashine ya inveta hubaki na umeme ndani ya kapasita zake hata baada ya kuzimwa, hivyo subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi dakika kadhaa, kabla ya kugusa bodi yake.

Waya unaounganisha vipande viwili uwe mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kiungo katikati. Namba au herufi za vituo vya ndani zilingane na za nje moja kwa moja, kwani kubadilisha waya wa umeme na ule wa mawasiliano huunguza bodi mara tu mashine inapowashwa. Kila skrubu ikazwe na kila waya uvutwe kidogo kuhakikisha umeshika. Kiungo kilicholegea hupata joto, na joto hilo ndilo huanzisha moto nyuma ya kifuniko ambapo hakuna anayeuona. Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, uunganishwe pande zote mbili na uwe mrefu kidogo kuliko wengine, ili ukivutwa uwe wa mwisho kukatika. Nyumba isiyo na ethi nzuri itengenezewe kwanza. Kiyoyozi kina chuma, maji na umeme mahali pamoja, na kisifungwe bila ethi hata kwa siku moja.

Kupima uvujaji na kutoa hewa

Kwanza nitrojeni kavu. Silinda yake ina mgandamizo mkubwa sana, hivyo itumike kwa regyuleta pekee, na mgandamizo upandishwe kwa hatua hadi kiwango cha majaribio kilichoandikwa na mtengenezaji, valvu za kipande cha nje zikiwa zimefungwa. Oksijeni haitumiki kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo hulipuka. Wala hewa ya pampu ya tairi, ambayo huleta unyevu. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na utazame kwa subira, maana uvujaji mdogo hutoa kiputo kimoja baada ya muda. Kisha acha mgandamizo ukae, ukikumbuka kwamba hubadilika kidogo joto la mchana linapobadilika.

Baada ya kuitoa nitrojeni, unganisha pampu ya vakyumu, inayofyonza hewa na unyevu wote ndani ya mabomba, kwenye tundu la huduma la valvu ya bomba nene. Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi, na mahali pake hufanywa jambo la kusikitisha: kufungua gesi kidogo ili isukume hewa itoke. Njia hiyo huacha unyevu ndani, hutupa angani gesi inayoongeza joto la dunia, na kwa R-32 au R-290 huweka gesi inayowaka mbele ya uso wa fundi. Unyevu uliobaki huchanganyika na mafuta ya kompresa na kutengeneza asidi, na hewa iliyobaki haigeuki kimiminika, bali hupandisha mgandamizo na matumizi ya umeme maisha yote ya mashine.

Pampu ivute hadi kipimo cha elektroniki kisome mikroni 500 (kipimo cha mgandamizo mdogo sana) au chini yake. Sindano ya geji ya kawaida hufika mwisho mapema na haiwezi kuonyesha unyevu uliosalia, hivyo anayetegemea sindano peke yake aiache pampu ifanye kazi kwa muda mrefu kuliko anavyodhani inatosha. Kisha funga valvu ya geji, zima pampu, na utazame. Kipimo kikipanda kidogo na kutulia juu ya lengo, kuna unyevu, na pampu iendelee. Kikipanda bila kusimama, kuna mahali panapovuja, na turudi kwenye sabuni. Kompresa isiwashwe kamwe wakati kuna vakyumu ndani, na isitumiwe kama pampu.

Kufungua gesi na kuwasha

Kwa ufunguo wa pembe sita, fungua kidogo valvu ya bomba jembamba ili mgandamizo uingie, pima viungo tena kwa sabuni au kitambuzi cha gesi, ndipo ufungue valvu zote mbili hadi mwisho. Rudisha vifuniko vyake na uvikaze, kwa sababu navyo ni sehemu ya kuzuia uvujaji. Mashine nyingi huja na gesi inayotosha mita 5 hadi 7.5 za bomba. Likiwa refu zaidi, gesi ya ziada ipimwe kwa mizani kwa gramu kwa kila mita zilizoandikwa kwenye kibandiko. R-410A, kwa kuwa ni mchanganyiko, iongezwe ikiwa kimiminika. Kuongeza kwa kuangalia geji tu hakufai kwa mashine ya inveta, ambayo mgandamizo wake hubadilika na mwendo wa kompresa.

Washa, weka joto la chini kabisa, na subiri dakika 15. Hewa inayotoka kwa kawaida huwa na baridi zaidi ya inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Pima mkondo wa umeme ulinganishe na kibandiko, sikiliza mtikisiko, angalia maji yanatoka nje, na baada ya hapo ndipo uvike insulesheni kwenye viungo na kuziba tundu la ukuta pande zote. Mwenye nyumba aonyeshwe breka na swichi ya nje, jinsi ya kuosha vichujio, na aachiwe karatasi yenye aina ya gesi, uzito ulioongezwa na kipimo cha vakyumu. Aelezwe pia kwamba gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari: inazunguka, na ikipungua kuna tundu la kutafutwa kabla ya kujaza.

Siku ya kukihamisha

Kiyoyozi kikihamishwa, gesi hurudishwa kwenye kipande cha nje kwa kufunga valvu ya bomba jembamba mashine ikiwa inafanya kazi, kisha ile ya bomba nene geji inapokaribia sifuri. Zima kompresa mara hiyo hiyo, kata umeme kwenye breka, na baada ya hapo tu ndipo ufungue nati. Bomba likifunguliwa kompresa ikiwa bado inazunguka, au valvu ikiwa imeachwa wazi, hewa hufyonzwa ndani, huchanganyika na mafuta, hubanwa na kupata joto kali, na kompresa hupasuka kama bomu. Kama kompresa haiwaki, au kuna shaka kwamba mabomba yanavuja, njia hii isitumike kabisa. Gesi itolewe kwa mashine maalumu ya kuikusanya na kuingizwa kwenye silinda yake.